Koti la Mabega Mapana

Fundi yule wa baiskeli alijulikana mtaani kwa mambo mawili, na yote mawili aliyasema kwa sauti ya kushindana na mvua kwenye bati.

La kwanza, hakuziba tundu kabla ya kujua limetobolewa na nini. Mafundi wengine walibandika kiraka, wakajaza upepo, wakaaga mteja. Yeye aliwaona kama watu wanaofagia taka na kuzisukumia chini ya mkeka. Kila mteja alikutana na swali lile lile: "Kimetoboa nini?" Mteja asipojua, fundi hakuliacha tairi mpaka kieleweke. Alichukua spoku kuukuu ya gurudumu, aliyoinoa ncha mwenyewe kwa tupa, akaipitisha ndani ya tairi taratibu, akipapasa, mpaka mwiba au msumari au kigae cha chupa kikajitokeza. Hapo alikiinua, akamwonyesha mwenye baiskeli, akakitupa ndani ya kopo la maziwa lililoning'inia mlangoni. Ndipo alipofungua gundi. Wateja waliliita kopo lile mahabusu, na lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

La pili, koti la mvua ni utapeli mtupu.

"Nisikilizeni," aliwaambia waliojikinga kibandani pake. "Ukiendesha bila koti kwenye mvua, unalowa. Ukivaa koti, unatoka jasho humo ndani, unalowa. Tofauti iko wapi? Mmoja kalowa bure, mwingine kalowa kwa gharama. Ngozi ya mtu haivuji, bwana. Mungu alishatuvalisha."

Maneno hayo aliyakatiza kwa kikohozi, maana kila msimu wa mvua kifua kilimbana na usiku alikoroma kama pampu mbovu. Kikohozi hicho alikisingizia vumbi, hata siku ambazo barabara nzima ilikuwa tope.

Mkewe alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya jirani. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wagonjwa wasioweza kutoka vitandani, kuwageuza, kuwabadilisha bandeji, kuwapima presha, na alizunguka kwa baiskeli. Baiskeli yenyewe haikuwa ya dukani. Fundi aliiunda wakati anamchumbia, fremu ya huku na magurudumu ya kule, akaipaka kijani, akampelekea ikiwa inang'aa. Wakaoana, wakapata pacha, pacha wakakua wakapelekwa shule ya bweni, na bado kila Jumapili Baba Pacha aliipindua baiskeli ile uani na kuitia mafuta. Alikuwa na raha moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alipenda kujua kwamba mkewe akiwa njiani, hakuna kitu kinachomgusa ambacho hakikutoka mkononi mwake. Kiti alikishona yeye. Vishikio vya usukani alivisokota yeye. Kengele ikilia kona ya tatu, fundi aliisikia kibandani na kutabasamu peke yake.

Ndiyo, alikuwa na wivu. Tena wivu wa kuuza na kubakiza. Mwaka uliopita ulimpanda kichwani mpaka akamvizia mkewe kwenye nyumba ya mgonjwa aliyevunjika nyonga, akasimama dirishani kuchungulia. Wenye nyumba wakapiga kelele za mwizi. Mama Pacha alipotoka nje na glavu zake mikononi, alimkuta mumewe kakamatwa kola ya shati na watoto wa mgonjwa, kiatu kimoja kimemvuka. Jioni ile alifunga begi lake jekundu kwenye keria ya baiskeli ya kijani, akaenda zake kwa dada yake.

Fundi alikwenda kuomba msamaha akakalishwa barazani na shemeji zake hadi miguu ikafa ganzi. Mwishowe mke alirudi, lakini alirudi na neno.

"Nimerudi, Baba Pacha. Ila wivu wako ukinigusa tena, mimi au kitu changu, begi hili sitalipeleka kwa dada. Nitalipeleka mbali, na hutajua ni wapi."

Fundi aliapa kwa vichwa vya pacha wake. Na kiapo alikishika, japo kwa taabu, kama mtu anayezuia chafya msibani.

Mvua zilipoanza mwaka huu, koti likaingia nyumbani.

Lilikuwa la bluu iliyoiva, lenye kofia, zipu yenye kifuniko, na mishono iliyobandikwa utepe kwa ndani ili maji yasipate pa kupenya. Fundi alirudi kutoka kazini, kalowa chapachapa na anakohoa, akalikuta limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa likidondosha maji sakafuni. Mkewe alikuwa ameketi anavua viatu, gauni lake jeupe la kazi likiwa kavu toka kola hadi pindo.

"Hilo nini?"

"Koti la mvua."

"Naona ni koti la mvua. Limetoka wapi?"

"Nimelipata kazini."

"Siku hizi zahanati inagawa makoti?"

"Baba Pacha, nina njaa, na wewe umelowa. Kabadilishe nguo tule."

Alikwenda kubadilisha nguo, lakini chakula hakikumshuka. Nimelipata kazini! Mtu hupata mafua, hupata ajali, hupata mtoto. Koti hupatikana vipi? Koti mtu hupewa. Na anayepewa, yupo anayempa. Alimtazama mkewe akila kwa utulivu, akaona utulivu ule umezidi.

Kesho yake mpeleka mikate alipita kibandani kuongezwa upepo. Huyu walimwita Mkate, mtu mwema asiyejua kufunga mdomo. Alikuwa na kikapu kikubwa nyuma na habari za mtaa mzima mbele.

"Shemeji nimempita kule bondeni," alisema. "Kapendeza na koti lake. Ila fundi, lile si la kiume?"

Pampu ilisimama.

"La kiume kivipi?"

"Mikono kaikunja mara mbili, na mabega yanamning'inia huku na huku. Lile ni la mtu, bwana. La mtu mwenye mabega."

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alijisemea, na tairi la Mkate akalijaza upepo mpaka likawa gumu kama jiwe.

Tangu siku hiyo hakuona tena baiskeli, aliona mabega. Mteja akiingia, fundi alimtazama kuanzia shingoni kwenda pembeni. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwembamba kama fimbo yake, akaachiliwa. Kinyozi alikuwa na mabega lakini mafupi, akaachiliwa kwa mashaka. Mfamasia wa zahanati, ambaye fundi alikuwa amemwekea akiba ya chuki kwa siku nyingi kwa sababu ya manukato yake, alipoinama kufungua kufuli ilionekana wazi kwamba koti lile angeweza kuingia yeye na nduguye. Fundi aliumia kumwachilia.

Akabaki dereva wa gari la wagonjwa. Huyo alikuwa na mabega ya kubebea machela, na kila siku alikuwa hapo hapo zahanati, anacheka na wauguzi. Alipoleta baiskeli ya mwanawe, fundi alijitia kumpapasa mgongoni kwa ukarimu.

"Kaka, umejaa," alisema, huku kiganja kikipima. "Unavaa saizi gani mtu kama wewe?"

"Mimi? Hata sijui. Mke wangu ndiye hununua."

"Makoti je? Makoti hununua mwenyewe?"

Dereva alimwangalia. "Fundi, mnyororo wa mtoto utapona leo au kesho?"

Fundi aliutengeneza mnyororo, lakini usiku kucha alikuwa akimwona dereva yule anavua koti lake la bluu katikati ya mvua na kumvalisha mtu, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha zipu ikipanda. Zipu ile ndiyo iliyomuua.

Siku moja jua lilitoka tangu asubuhi na mkewe akaliacha koti nyumbani. Asubuhi nzima fundi aliliona kichwani likimcheka. Saa ya watu kula akafunga kibanda, akaenda nyumbani, akasimama mbele ya koti. Alilinusa. Lilinuka mpira, na sabuni ya mkewe, basi. Akatazama huku na huku kana kwamba yuko nyumba ya watu, akalivaa.

Lilimkaa.

Hebu fikiria hapo. Mabega yalifika pale pale mabega yake yalipoishia. Mikono, alipoikunjua, ilikomea kwenye vifundo vya mikono yake, wala si mbele wala si nyuma. Alipofunga zipu, tumbo lake, ambalo halikuwa dogo wala halikuwa la aibu, likaingia bila kubishana. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, mtu mzima kavaa koti la mvua na jua linawaka nje, na badala ya kucheka, damu ilimchemka upya.

Kwanza, dereva aliponyoka. Mikono ya dereva ilikuwa mirefu kuliko hii kwa shubiri nzima. Fundi alimpoteza adui wake, na kumpoteza adui kulimuuma kuliko kuwa naye, maana mwizi asiye na sura ni kila mtu. Pili, kulikuwa na mwanamume mahali fulani mwenye mwili kama wake hasa, mabega haya haya, tumbo hili hili. Hapo ndipo alipoona dharau. Kama Mama Pacha angependa mrefu, au kijana, au mwenye kifua cha mbao, mtu angejikaza kisabuni akaelewa. Lakini saizi ile ile? Alikuwa amekosa nini nyumbani mpaka akaifuate nje kwa kipimo kile kile?

Wivu una macho makubwa, ila hautazami kioo, hata ukiwa umesimama mbele yake.

Akalivua, akaligeuza ndani nje kutafuta jina, unywele, alama, chochote. Hakuona kitu ila utepe mweupe juu ya mishono, safi, umebandikwa kwa ustadi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati ilimokaa spoku yenye ncha. Akaliweka koti gotini, upande wa ndani ukiwa juu, akachagua mahali nyuma ya bega la kushoto, kando ya mshono, akasukuma. Spoku ilipita bila kelele. Kwa muda mfupi aliona raha, raha halisi, kama mtu aliyejikuna palipokuwa pakimwasha siku nyingi. Halafu akairudisha spoku mfukoni haraka. Akaligeuza koti, akakunja mikono mara mbili kama ilivyokuwa, akalirudisha msumarini.

Mvua iliyofuata ilikuwa ya upepo. Mkewe aliingia, akavua koti, na gauni jeupe lilikuwa limelowa bega lote la kushoto hadi kwenye kwapa. Akasimama, akalishika koti mbele ya dirisha, akalitazama kwa muda. Akalipapasa kwa kidole.

Fundi, kutoka mezani, alisema, "Nilisema mimi."

"Ulisema nini?"

"Makoti ya mvua. Nilisema ni utapeli. Haya, si umelowa?"

Mama Pacha alimwangalia. Hakukasirika wala hakucheka. Alimwangalia tu, kwa muda mrefu, kama anavyomwangalia mgonjwa anayedai hana maumivu.

"Ni kweli," alisema. "Ulisema."

Na kesho yake akalivaa tena. Na keshokutwa. Kila mvua iliponyesha alilivaa, na kila aliporudi bega la kushoto lilikuwa chapachapa. Alianza kujikanda bega jioni kwa mafuta ya moto. Fundi aliona, na moyo ulimuuma kweli, lakini wivu ukaukanyaga moyo. Si akamwambie huyo mwenye koti amzibie? Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Si ulitupe tu, limeshakufa hilo."

"Tundu ni dogo," mkewe alijibu. "Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Mkewe alimimina mafuta kiganjani, akaendelea kujikanda.

Akufukuzaye hakwambii toka, fundi aliwaza, na usiku ule kikohozi kilimkesha.

Halafu ikaja ile mvua ya asubuhi iliyowafungia watu wote walipokuwa. Kibanda cha fundi kilijaa. Mkate alikuwepo na kikapu chake kilichofunikwa turubai, na mwalimu wa hesabu, na wapita njia wengine waliobanana katikati ya magurudumu yaliyotundikwa. Fundi alikuwa katikati ya hotuba yake, kalowa bure na kalowa kwa gharama, wakati kengele ilipolia kona ya tatu. Aliijua. Akanyamaza.

Mkewe aliingiza baiskeli ya kijani chini ya bati, watu wakampisha. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye kofia ya koti. Fundi alianza kutabasamu, ndipo akaona keria. Juu ya keria, limefungwa kwa mpira aliokata yeye mwenyewe kutoka kwenye tyubu kuukuu, palikuwa na begi jekundu.

Miguu yake ililikumbuka begi lile kabla ya kichwa.

Mama Pacha alivua koti, akalilaza juu ya meza ya kazi, kati ya pampu na beseni la maji. Bega lake la kushoto lilikuwa limelowa mbele ya watu wote.

"Fundi," alisema. Hakumwita Baba Pacha. "Nina tundu."

Fundi alinyoosha mkono haraka akachukua gundi, akaanza kufungua kifuniko.

"Hee!" Mkate alicheka. "Fundi, leo huulizi?"

Wengine nao wakacheka. "Muulize na yeye! Mke wako ndiyo asamehewe sheria?"

"Hata mimi nashangaa," mkewe alisema. "Kila mteja huulizwa. Mimi nimekosa nini?"

Fundi aliweka gundi chini. "Kimetoboa nini?" aliuliza, kwa sauti ambayo mvua iliimeza nusu.

"Sijui. Mteja asipojua, fundi si hutafuta?"

"Mwiba huo, shemeji!" Mkate aliingilia, maana hakuweza kuona kimya kikae bure. "Ule ua wa kule bondeni una miba kama sindano, mimi mwenyewe umenichana shati juzi. Sema mwiba, fundi, uzibe, mama wa watu ana wagonjwa."

Na pale pale fundi alionyeshwa mlango umefunguliwa. Neno moja tu. Mwiba. Kila mtu kibandani angeliamini, na mahabusu ilikuwa imejaa miba. Angeweza hata kuutoa mmoja wa mwaka juzi akauinua juu. Alipitisha kidole juu ya tundu. Kingo zake zilikuwa zimeelekea nje. Ni yeye aliyewafundisha watu wote wale, na kabla yao wote mkewe: angalia kingo za tundu, zitakwambia kilichotoboa kilitoka upande gani. Mwiba wa njiani huingia kutoka nje. Kidole chake kilibaki pale, kikiogopa kuondoka. Alitazama begi. Alitazama bega lililolowa. Bado wivu ulikuwa unamnong'oneza: muulize kwanza yeye, nani kampa, aseme yeye kwanza.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa spoku, akaiangusha ndani ya kopo mlangoni. Haikuingia yote, ilisimama humo, ncha chini.

"Ni hiyo," alisema. "Na aliyeishika ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa hesabu alianza kutazama mvua kama vile ameambiwa aihesabu.

"Kwa nini?" mkewe aliuliza.

"Kwa sababu ya mwenye koti."

"Mwenye koti ni nani?"

"Sijui!" Sasa sauti ilimpanda, na aibu na hasira vikatoka pamoja. "Ningemjua ningeshapona. Nimemtafuta mtaa mzima. Mtu wa mabega mapana, mikono yake inaishia hapa," akajishika kifundo cha mkono, "kifua chake hivi, tumbo lake hivi," akajishika tumbo. "Nimelala naye usiku kucha kichwani mwangu. Nani? Nitajie basi, nijue!"

Mkate alikuwa wa kwanza. Alijaribu kuziba mdomo kwa kofia, lakini cheko likamtoka puani. Kisha mwalimu. Kisha kibanda kizima kikatetemeka, magurudumu yakagongana juu, na fundi peke yake akawa haelewi wanacheka nini.

"Livae," mkewe alisema.

"Nini?"

"Livae, Baba Pacha."

Alilivaa. Mkewe akamkunjulia mikono, wa kushoto, kisha wa kulia, akampandishia zipu mpaka kidevuni. Fundi alisimama mbele ya watu, na koti lilimkaa kama siku ile mbele ya kioo, na polepole sana, kama mtu anayeamshwa, akajitazama mabega.

"Muuzaji alipita zahanati na makoti yake," mkewe alisema. "Alinionyesha la kike, nikamwambia hapana, nataka kubwa. Akaniuliza, mumeo ni mkubwa kiasi gani? Sikuwa na futi. Nikamwonyesha." Akafungua mikono mbele ya kifua chake, akaikutanisha kama anayekumbatia, kwenye upana ambao aliujua bila kupima. "Hivi. Wauguzi wenzangu walinicheka."

"Sasa mbona ulilivaa wewe?"

"Kwa sababu kila mvua unakohoa mpaka mbavu zinakuuma, na kila siku unawahutubia hawa kwamba koti ni utapeli. Ningekuletea mkononi, ungenicheka mbele yao. Nikasema nilivae kwanza mimi. Likifaa nikupe, nikuambie nimelijaribu. Lisipofaa, tungecheka pamoja."

"Na linafaa, shemeji?" Mkate aliuliza, maana jambo lile lilikuwa likimgusa na yeye.

"Mlimani unatoka jasho. Hapo hakukosea. Lakini jasho ni langu, tena la moto. Mvua ni ya baridi, na haina mwenyewe."

Fundi alijaribu kushusha zipu, mkewe akamzuia mkono.

"Ulijua lini?" fundi aliuliza.

"Siku ya kwanza, pale dirishani. Kingo zilikuwa zinatazama nje. Nikasema nisubiri, leo atasema. Nikalowa. Nikasema kesho atasema. Nikalowa. Wewe ukakaa mezani ukaniambia, nilisema mimi."

Hapo fundi alitamani cheko lile lirudi limfunike. Aliinua kidole kuelekea keria lakini hakuweza kulitaja begi.

"Lilikuwa linasubiri jibu," mkewe alisema. "Ungesema mwiba, ningekwambia asante, nikakulipa, nikaenda."

Akafungua ule mpira, akalishusha begi, akaliweka chini ya meza ya kazi kama mtu anayeacha mzigo dukani.

"Niruhusu nilizibe," fundi alisema. "Nilizibe, uvae wewe. Una wagonjwa."

"Zibe. Kisha vaa wewe, ni lako. Mimi nitanunua la kwangu, la kike, na nitakwambia nimenunua wapi na kwa nani." Akachukua turubai dogo ambalo Mkate alimpa bila kuombwa, akajifunika mabegani. "Ila sheria yako ibaki pale pale. Atakayeona kiraka akauliza kimetoboa nini, mjibu."

"Nimjibu nini?"

"Kama ulivyonijibu mimi."

Akatoka. Kengele ikalia kona ya tatu.

Fundi aliziba tundu lile siku hiyo kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuziba lolote. Alilikwangua kwa msasa mwepesi, akapaka gundi, akaipuliza, akakandamiza kwa kiganja hadi mkono ukafa ganzi. Lakini viraka alivyokuwa navyo ni vya tyubu, na vya tyubu ni vyekundu. Juu ya bluu ile kiraka kilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Na kwa kuwa kilikuwa nyuma ya bega, yeye peke yake ndiye hakukiona.

Jioni mvua ilikuwa bado inapiga. Alifunga kibanda, akafunga begi jekundu kwenye keria ya baiskeli yake, akavaa kofia ya koti, akaingia barabarani. Mlimani alitoka jasho kweli. Lilikuwa la moto. Kifua kilikuwa kimya, na maji yalipita juu ya mabega yake yakaenda zake.

Nyuma yake mtu mmoja asiyemfahamu, kalowa hadi mifupa, alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka akamfikia.

"Mzee, koti zuri!" yule mtu alipiga kelele. "Hapo begani kimetoboa nini?"

Fundi aliendelea kukanyaga. Njia ilikuwa inateremka. Angeweza kuachia breki akapotea.

"Mimi," alisema.

"Sisikii!"

"Ni mimi!" fundi akapaza sauti, ya kushindana na mvua. "Nimelitoboa mwenyewe!"